Nafasi ya Mbele, Kanisa la Mawe

Uthiru,
9 Februari 2025

Dada Cate,

Salamu kutoka nyumbani. Tuko wazima wote. Mama anakusalimia, magoti yanamsumbua kukiwa na baridi ya asubuhi, lakini mdomo hauna shida yoyote. Yeye ndiye ameniketisha hapa mezani. Tangu tupigiane kelele kwa simu siku ya Krismasi hadi akaninyang'anya hiyo simu, amekataa kabisa tuongee tena kwa njia hiyo. Anasema tuandikiane, kwa sababu kwa barua hakuna anayemkatiza mwenzake. Basi nimenunua karatasi, na kesho nikiingia mjini nitapitia posta kuu, maana za huku siziamini.

Wachira hajambo. Bado anauza chakula cha mifugo pale karibu na steji ya matatu, na vumbi la pumba limemkaa hadi kwenye nyusi. Watoto wamerudi shule, nyumba imetulia. Kuria hajambo? Msalimie sana. Siku nyingi hujamtaja.

Habari yenyewe ni ya kanisa la mawe. Unajua tulihamia lile jipya la barabarani, lile la vioo, na lile la wazee wetu likabaki na popo. Sasa limeamuliwa. Litakuwa kituo cha sanaa cha jamii: kwaya, ngoma, michezo ya kuigiza, vijana wa kuchora, kila mtu. Jumapili iliyopita Askofu alikuja kuliondolea wakfu. Sikujua hata kuna ibada ya namna hiyo. Tuliimba, akasoma, kisha meza ya Bwana ikabebwa nje hadi kanisa jipya, na sisi tukaifuata polepole kama watu waliotoka kuzika. Mama alilia njia nzima. Mzee Ndungu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kituo, alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtu akicheza ngoma pale mbele hana kosa, lakini alitangaza akiangalia viatu vyake.

Msanifu wa jengo ni Amrit, kijana wa Kisikh mwenye ofisi Westlands. Ni mpole, anamsikiliza kila mtu hadi amalize. Kuta hawezi kuzigusa kwa sababu jengo linalindwa na sheria, kwa hivyo anahangaika na yaliyo ndani. Viti virefu vinatoka, sakafu inapigwa randa, na kile chumba kasisi alichovalia kanzu kitakuwa cha waigizaji kubadilisha nguo. Dada, ungeona mwanga unavyoingia sasa. Nilisimama pale mlangoni nikasahau kwamba mafundi walikuwa wakingojea chai ninayowapikia.

Kuna mengine, nitakuambia yakiiva.

Mdogo wako,
Wahu


Gaborone,
5 Machi 2025

Wahu mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imeraruka pembeni, lakini imefika. Nashukuru Mama yu salama. Mwambie apake ile dawa ya magoti niliyomtumia, asiifiche kabatini kama vikombe vya wageni. Mimi ni mzima. Darasa langu la muziki limejaa kupita kiasi, na joto la huku halina huruma. Mvua imekataa.

Nimesoma habari ya meza ya Bwana kubebwa nje, na nimeisoma baada ya mambo kuisha. Mimi nilifunga ndoa mbele ya meza ile. Nilipita katikati ya vile viti nimemshika Baba mkono, na kanisa zima likasimama. Mimi ndiye niliyeongoza kwaya ile baada ya Baba kuchoka, hadi siku nilipoondoka. Hakuna hata mmoja wenu aliyekumbuka kunipigia? Hata kama Mama hataki tuongee mimi na wewe, yeye mwenyewe alikuwa na simu mkononi.

Nina swali moja na nataka jibu lililonyooka. Nani atashika muziki katika kituo hicho? Kwaya haijiongozi. Mimi nina stashahada, nimefundisha miaka mingi, na Baba alinifundisha mimi kabla hajamfundisha mtu mwingine yeyote. Siombi. Nasema tu kwamba wakinihitaji, wanajua niliko.

Nauliza kwa sababu Annah wa soprano amenidokezea kwamba siku hizi wewe ndiye unasimama mbele yao. Nilicheka, nikadhani ananitania. Wewe, Wahu, pale mbele? Na Wachira je, ameamua kukupeleka kanisani, au bado mnaishi hivyo hivyo?

Dada yako,
Cate


Uthiru,
2 Aprili 2025

Dada Cate,

Mama anapaka dawa. Anapaka kidogo kidogo ili isiishe, lakini anapaka. Mvua huku imeanza na matope yako hadi kizingitini. Kuhusu Kuria hujanijibu.

Ulitaka jibu lililonyooka. Haya basi. Ni mimi. Kamati imeniomba niwe mwalimu wa muziki wa kituo, kazi ya kudumu, na mkataba tunatia sahihi mwisho wa Mei. Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua utaandika "Wewe, Wahu, pale mbele?" na kweli ukaandika, hata sikukosea neno.

Wacha nikueleze ilivyokuwa. Viti vilipotolewa, Amrit alitaka kusikia jinsi sauti inavyorudi kutoka kwenye kuta kabla hajaamua mambo ya dari. Akaomba kwaya iimbe. Kiongozi wao alikuwa mgonjwa siku hiyo, wakaanza ovyo, kila mtu na njia yake. Mimi nilikuwa pale kwa kazi ya chai. Musili wa besi akanishika mkono akasema, "Si wewe ndiye hutusahihisha ukiwa umekaa huko nyuma, unadhani hatukusikii? Njoo utusahihishie hapa mbele." Nikaenda na aproni yangu. Nikawapa noti, kila sauti nikaiweka mahali pake, nikainua mikono. Zile kuta ziliimba nasi, dada. Tulipomaliza Amrit alikuwa ameketi sakafuni, na vipimo vyake hakuwa amevichukua.

Unajua kwa nini sikuwahi kusimama pale, lakini nataka niiandike ili isomwe. Kanisani kwetu mwanamke anayekaa na mwanamume bila harusi ya kanisa hukaa kiti cha nyuma. Haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, hasomi hata tangazo la mazishi. Nimekaa kiti hicho tangu nihamie kwa Wachira. Watoto wangu wote walibatizwa wakiwa mikononi mwa Mama, mimi nikinyoosha shingo huko nyuma nione kama wanalia. Siku ya harusi yako nilikuwa hapo, ndani ya gauni ulilonichagulia wewe, na ulipopita hukugeuka, kwa sababu bibi harusi hutazama mbele. Nilikuonea wivu. Nilionea wivu gauni lako, na mkono wa Baba, na lile kanisa lote lililosimama. Sitakudanganya, wivu huo bado ninao.

Lakini sasa pale si kanisa tena. Askofu mwenyewe amesema, na tumeimba juu yake. Nimepata kitu ambacho ni changu, na nakifurahia hadi naogopa.

Wahu


Gaborone,
26 Aprili 2025

Wahu,

Salamu kwenu. Pasaka ilikuwa njema, nilialikwa kwa majirani tukala mbuzi. Mwambie Mama picha ya watoto niliipata, wamerefuka sana.

Hongera. Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta neno, na hilo ndilo nililopata, kwa hivyo nimeliandika. Lakini mimi ni dada yako na nisipokuambia hakuna atakayekuambia. Mtu hapewi kazi ya muziki kwa sababu msanifu aliketi sakafuni. Huwezi kusoma muziki ulioandikwa kwa mistari. Unajua zile do re mi za Baba peke yake. Wakija wageni na muziki wao, utawaambia wakuimbie kwanza ndipo uwafundishe? Nasema kwa upendo.

Na kile kiti cha nyuma usinitwike mimi. Sikukiweka. Sheria ilikuwa ya kila mtu, uliijua, ukachagua Wachira. Mimi nilingoja. Nilikaa nikingoja harusi iliyo sawa hadi wanawake wa kanisa wakaanza kuniombea kwa sauti, mbele yangu. Sasa mimi niliyefuata sheria niko huku napiga piano kwa watoto wasionisikiliza, na wewe ambaye hukuifuata unakabidhiwa kanisa la Baba. Ndiyo, inaniuma. Ulitaka niandike kwamba hainiumi?

Nilimpigia Mzee Ndungu wiki iliyopita, kumjulia hali tu. Alifurahi sana kunisikia. Tuliongea mambo mengi ya zamani.

Cate


Uthiru,
24 Mei 2025

Cate,

Mama mzima, watoto wazima, Wachira mzima. Salamu zimeisha.

Mambo mengi ya zamani, kumbe. Kamati ilikutana Jumatano katika kile chumba cha kasisi, katikati ya mifuko ya simiti. Nilienda na viatu vya Jumapili, nikijua ni siku ya sahihi. Mzee Ndungu akakohoa, akasema kuna dada mmoja wa heshima aliye mbali ambaye amemkumbusha jambo. Kwamba pale mbele hajawahi kusimama mtu asiye na ndoa. Kwamba wazee waliozikwa nje ya ukuta watasikia vibaya. Akasema hawaninyimi kazi, la, nifunge ndoa tu. Agosti kutakuwa na harusi ya pamoja kanisa jipya, watu kama sisi wataunganishwa wote siku moja, na keki ni ya kanisa. Alisema hilo la keki kama mtu anayenipa zawadi.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Wachira. Nilidhani atawaka. Akapangusa mikono kwenye suruali akasema, "Sawa. Ukitaka twende, twende." Cate, neno hilo nimelingoja tangu mtoto wa kwanza. Nimelililia jikoni, nimeliombea, nimelinunia wiki nzima nzima. Na siku lilipokuja nikajua silitaki kwa njia hiyo. Nisimame mbele ya Mungu na mwanamume wangu huku akilini nina mkataba wa kazi? Nikamwambia harusi nitaitaka siku ambayo hakuna mtu ameniwekea sharti. Akasema sawa kwa hilo pia, akaenda kupima pumba.

Basi nikarudi kwa kamati. Nikawaambia, "Wazee, nielewesheni. Hapa ni kanisa au si kanisa? Kama ni kanisa, irudisheni meza ya Bwana na mimi nitarudi kiti changu cha nyuma bila kelele. Kama si kanisa, niacheni na nyumba yangu." Amrit alikuwa ameleta ramani, akazitazama kama hajawahi kuziona. Musili, ambaye yuko kwenye kamati kwa niaba ya kwaya, alipiga makofi akaambiwa atulie. Mzee Ndungu akasema kwa ule upole wake kwamba basi, watatafuta mtu mwingine.

Sihitaji kuambiwa ni nani. Wewe ulikuwa na kila kitu. Ulikuwa na Baba, ukawa na kwaya, ukawa na masomo, ukawa na gauni na mume. Mimi nilipata kitu kimoja, na umenyoosha mkono kutoka huko Gaborone ukakichukua. Nakuchukia leo. Mama anasema nisiandike hivyo, lakini yeye ndiye alisema tuandike.

Wahu


Gaborone,
19 Juni 2025

Wahu mdogo wangu,

Mpe Mama pole kwa baridi ya huko. Wasalimie watoto. Na Wachira pia, msalimie.

Wameniita, na nimekubali. Shule nimeiaga. Nafika mwanzo wa Agosti, na ufunguzi wa kituo ni mwisho wa mwezi huo. Utaniona sina haya. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujairarua.

Katika kila barua uliniuliza habari za Kuria, isipokuwa ile ya mwisho. Kuria hayuko. Aliondoka mwaka juzi. Yuko Francistown na mwanamke mwingine na wana mtoto. Hakuna talaka, hakuna kikao cha wazee, hakuna lolote. Alikunja mashati yake vizuri akaondoka. Nina pete na nina cheti cha ndoa, na nina nyumba ambayo nikikohoa hakuna anayeuliza nina nini. Nyumbani sikusema. Ningeanzia wapi, mimi niliyefanya mambo kwa utaratibu? Krismasi ile ulikuwa ukinisimulia jinsi Wachira alivyokujengea jiko jipya kwa mikono yake, na jinsi alivyolipinda kidogo upande mmoja, ukicheka. Nikaanza kukupigia kelele, ukadhani nimekasirikia matumizi ya Mama. Nilikuwa nimekasirikia hilo jiko.

Nilikuonea wivu, Wahu. Una mtu anayerudi jioni. Kisha juu ya hayo ukapewa kanisa la Baba, na nikaona nitabaki bila chochote ambacho watu wanaweza kunitambua nacho. Ndiyo, nilimwambia Ndungu, na nilijua ninachosema na kitafanya nini. Nahitaji mahali pa kusimama, na sina pengine.

Sasa unajua. Ukimwambia Ndungu kuhusu Kuria, kwa kipimo kile kile na mimi sifai, na nitakuwa nimeacha kazi huku na kukosa huko. Nakuomba usimwambie.

Cate


Uthiru,
16 Julai 2025

Dada Cate,

Mama sikumsomea barua yako. Nilimwambia tu kwamba unakuja, na tangu hapo anafua mapazia, na magoti hayamuumi tena.

Pole kwa habari za Kuria. Pole sana. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia vizuri, kwa nafasi yangu, halafu ukaniletea hiyo. Nilikuonea huruma, kisha nikakasirika kwamba umenifanya nikuonee huruma. Wachira aliniuliza mbona nachemsha maji ambayo situmii.

Ijumaa nilikutana na Mzee Ndungu nje ya kanisa la mawe. Mafundi walikuwa wakiingiza taa za jukwaa, na pale ilipokuwa ngazi ya mlangoni wameweka njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu. Pamependeza, siwezi kukataa. Mzee akaniuliza, "Na bwana yake Cate, watakuja pamoja?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa fupi, na lingenirudishia kazi yangu jioni hiyo hiyo. Nikamwambia Kuria amebanwa na kazi, atafuata baadaye. Mzee wa kanisa nimemdanganya mchana kweupe kwa ajili yako.

Usinishukuru, na usidhani ni wema. Sitaki nikuondoe kwa mlango ule ulionitolea mimi. Na kuna jambo jingine, ambalo hakuna aliyekuambia.

Nilipotoka kwa kamati, kwaya ilinifuata. Sikuwaita. Musili alikuja kwanza, akasema kama anaambiwa atulie ndani ya jengo ambalo si kanisa, basi atakwenda kupiga makofi kwingine. Annah akaja na masoprano wenzake, bado ana aibu kwa vile alikudokezea. Kisha wakaja wote. Sasa tunaimbia nyuma ya duka la Wachira, tumekalia magunia, mtu akivuta pumzi ndefu anakohoa pumba. Mabati hayarudishi sauti kama zile kuta. Lakini huko kwenye kituo hakuna aliyebaki, dada, hata wa kufungua kitabu. Kamati imenyamaza, inangoja uje na stashahada yako uwarudishe.

Kwa hivyo njoo. Nataka uje. Nataka uende pale mbele ulipopapigania, uinue mikono, na usikie kimya kile. Nimeiwaza siku hiyo nikiosha vyombo, nikiwaza naona raha. Wewe umeandika wivu wako, basi na wangu ndio huo, ndivyo ulivyo.

Ukishasikia, usikae huko peke yako hadi jioni. Umekaa peke yako vya kutosha. Vuka barabara uje dukani, watu watakusogezea gunia. Kwaya ni Jumamosi saa nane, na sauti ya pili imepungukiwa na mtu. Utaimba hapo, na mikono nitainua mimi.

Wahu